Kutoka Kikundi cha Redio hadi Kisoma-Milisho: Historia ya Kufuatilia Elimu Masafa kando ya Reli ya Kati, kwa Mtazamo wa Goweko

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu masafa nchini Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutoka upande wa mtumaji. Tunazifahamu taasisi zilizoundwa, sheria zilizoziunda, vipindi vilivyorushwa hewani na vitabu vilivyochapishwa. Mpokeaji, yaani mtu aliyekaa mbali akisubiri somo limfikie, hujitokeza mwishoni mwa ripoti akiwa sehemu ya jumla ya washiriki. Insha hii inaanza na mpokeaji huyo. Mtu aliye mbali na chuo alifuatilia kwa njia gani elimu iliyotolewa kidogo kidogo, wiki hii sehemu moja na wiki ijayo nyingine, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua sehemu zipi zimfikie?

Chombo kinachoibua swali hilo kwa uwazi kuliko vingine ni kisoma-milisho. Kwa lugha nyepesi, hii ni programu ya kompyuta au simu inayozipitia tovuti na blogu alizozichagua msomaji, ikakusanya kila kilicho kipya na kumwekea mahali pamoja. Msomaji hahitaji kuzunguka tovuti moja baada ya nyingine kuangalia kama kuna jipya. Kati ya mwaka 2005 na 2013 walimu, wahadhiri na wanafunzi wengi duniani waliokuwa wakishughulika na elimu kwa njia ya mtandao walifuatilia blogu za taaluma yao kwa chombo hiki, kama mtu afunguavyo sanduku la posta kila asubuhi.

Masimulizi ya teknolojia hukieleza kisoma-milisho kama kitu kilichozaliwa Marekani na kufifia huko huko. Msimamo wa insha hii ni tofauti. Kikitazamwa kutoka Reli ya Kati, kisoma-milisho ni hatua moja katika mfululizo mrefu wa njia za kupokea elimu kwa mafungu. Upekee wake haupo katika kasi bali katika uteuzi, kwani hakuna chombo kingine katika mfululizo huo kilichomkabidhi mpokeaji orodha ya vyanzo aiandike mwenyewe. Hoja ya pili ni chungu zaidi: uteuzi huo ulichelewa kufika nchini, ukadumu muda mfupi, na haukuacha kumbukumbu ambazo mwanahistoria wa elimu amezoea kuzikuta.

2.0 Goweko katika njia ya habari

Goweko ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, na ni stesheni ya Reli ya Kati iliyo mashariki ya mji wa Tabora. Sikuichagua kwa kuwa ina historia ya pekee ya elimu masafa. Niliichagua kwa kuwa haina. Ni mahali ambapo treni husimama, abiria hushuka na mizigo yao, na vitu vya mjini hufika baada ya mji kuwa umekwisha kuvizoea. Wapokeaji wengi wa elimu masafa nchini waliishi mahali pa aina hiyo, na tathmini yoyote ya chombo cha kuelimisha ambayo haivuki mpaka wa mji wa Tabora itakuwa imepima nusu tu ya jambo.

Eneo hili lilizoea kupokea habari za mbali muda mrefu kabla ya reli. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikapita Mgunda Mkali, lile pori lililoogopwa kwa uhaba wa maji, ikatokea Tura na kuingia Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na nguo, na pamoja nazo habari. Muda wa safari ndio uliokuwa muda wa habari. Mfuko wa barua za David Livingstone uliofungwa Unguja mnamo Novemba 1870 ulimfikia Ujiji mwaka mmoja baadaye, baada ya Henry Morton Stanley kuukuta Unyanyembe na kuuchukua. Mwenye barua hakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja.

Reli ilibadili kipimo hicho. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo, mahali palipo na stesheni palihesabu habari kwa siku za treni. Gazeti la kila mwezi la Mambo Leo, lililoanzishwa Januari 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, lilisafiri kwa njia hiyo. Ni chapisho la kuvutia kwa mada yetu kwa sababu mbili zinazokwenda kinyume. Kwa upande mmoja lilikuwa sauti ya mtawala, na msomaji hakuwa na gazeti lingine la serikali la kulilinganisha nalo. Kwa upande mwingine liliwapa wasomaji wa wilayani nafasi ya kutuma habari na barua zao, hivyo mpokeaji akawa pia mwandishi. Mji wa Tabora wenyewe ulikuwa kitovu cha elimu, kwani Julius Nyerere aliingia shule ya serikali ya hapo mwaka 1937. Mwanga wa kitovu hicho haukuwa na sababu ya kufika kila stesheni, na umbali kati ya Tabora na Goweko kwa mtu anayetafuta elimu haupimwi kwa maili.

3.0 Kikundi cha redio

Mfululizo unaohusika hasa na insha hii unaanza baada ya uhuru. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, na kufikia mtihani wa taifa wa mwaka 1975 kiwango hicho kilitajwa kuwa kimeshuka hadi asilimia 39. Kati ya miaka hiyo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilibuni mtindo wa kampeni za redio. Uchaguzi ni Wako iliendeshwa mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Mtu ni Afya ndiyo iliyoandikwa zaidi, na inastahili. Iliendeshwa kwa majuma 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi, kutoka taifa hadi mkoa, kutoka mkoa hadi wilaya, na hivyo hadi vijijini. Washiriki walikadiriwa kufikia 2,000,000. Masomo yalihusu malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu na maji salama. Jinsi kikundi kilivyofanya kazi ndiyo inayotuhusu zaidi. Watu walikusanyika siku na saa iliyopangwa, wakasikiliza kipindi, sehemu ya kitabu ikasomwa kwa sauti, wakajadili, kisha wakaamua jambo la kutenda kabla ya kikao kinachofuata: kuchimba choo, kufyeka majani yaliyoizunguka nyumba, kufukia dimbwi. Kiongozi wa kikundi hakutakiwa kuwa mtaalamu wa afya. Alitakiwa kujua kusoma na kuweza kuwafanya wengine waseme.

Hapa kuna jambo ambalo waandishi wa elimu kwa njia ya mtandao hulisahau mara kwa mara. Kampeni hizo hazikuwa redio peke yake. Redio ililetea somo wakati wake, kitabu kililipa somo uwezo wa kurudiwa, na kikundi kiliunganisha somo na kazi za nyumbani kwa watu. Ukiondoa kimojawapo, vile viwili hubaki vinachechemea. Redio peke yake hupita, na asiyesikia leo hana pa kurudi. Kitabu peke yake humhitaji msomaji, wakati ambapo wasomaji walikuwa wachache. Kikundi peke yake kitazungumza yale kinayoyajua tayari. Muunganiko huo ndio uliowawezesha watu wa mbali na Dar es Salaam kulifuatilia somo la majuma 12 bila kupotea njiani, na sioni chombo kilichokuja baadaye kilichoufikia.

Sifa hiyo isitufanye tulionee haya swali la mamlaka. Mada zilichaguliwa juu. Ratiba ilitoka juu, na majibu yaliyotarajiwa kwa sehemu kubwa yalitoka juu vilevile. Ikumbukwe pia kwamba Novemba 1973, miezi michache tu baada ya Mtu ni Afya, ilitolewa amri ya kutaka wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya ujamaa kufikia mwaka 1976. Mtu aliyekuwa akihudhuria kikundi cha redio na mtu aliyeagizwa kuhamisha nyumba yake alikuwa mtu yule yule, na wakati mwingine sauti ya redio ilikuwa ile ile. Hakukuwa na kikundi kilichoweza kupiga kura kwamba mwezi huu hatutaki safura, tunataka kujua bei ya tumbaku inapangwaje. Kwa mkulima wa Uyui swali hilo la pili huenda lilikuwa na uzito zaidi, lakini halikuwa na kipindi.

4.0 Bahasha

Njia ya posta inaweza kuelezwa kwa kifupi, si kwa kuwa haikuwa na maana, bali kwa kuwa ilibadili mambo machache katika swali letu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitoa masomo kwa njia ya posta: mwanafunzi alipokea kitini, akajibu maswali, akatuma, akangoja masahihisho. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kiliuendeleza mtindo huo hadi ngazi ya shahada, kikiwa na vituo vya mikoani, Tabora ukiwa mmojawapo. Mwanafunzi sasa alichagua kozi. Hata hivyo, baada ya kuichagua, kila kilichomo ndani ya bahasha kilikuwa kimeamuliwa na chuo, na kama wenzake wa enzi ya misafara, alikuwa mtu wa kungoja mzigo. Yule wa vijijini alikosa pia kile ambacho kikundi cha redio kilikuwa nacho, yaani wenzake wa kukaa nao.

5.0 Kisoma-milisho na orodha ya mpokeaji

Mlisho ni faili. Blogu inapochapisha jambo jipya, huliongeza kwenye faili fupi lenye kichwa cha habari, tarehe, kiungo na mara nyingi makala yenyewe, bila rangi wala mapambo ya ukurasa. Muundo maarufu wa faili hilo, RSS, ulianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape, na toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2002. Kisoma-milisho hulipitia faili hilo kila baada ya muda na kuleta kilichoongezwa. Google Reader, kilichokuja kuwa kisoma-milisho mashuhuri kuliko vyote, kilifunguliwa Oktoba 2005.

Faida yake kwa mtu mwenye mtandao hafifu ni ya kiufundi kabla ya kuwa ya kielimu. Maandishi matupu ni mepesi. Ukurasa wenye picha na matangazo unaoshindwa kufunguka kwa dakika kadhaa huweza kuletwa na mlisho kwa muda mfupi. Tena mwaka 2007 Google Reader kiliruhusu msomaji kupakua habari 2,000 za karibuni na kuzisoma akiwa hana mtandao kabisa. Anayeijua safari ya treni ya kutoka Tabora kuelekea mashariki, na jinsi mtandao wa simu unavyopatikana na kupotea njiani, ataelewa mara moja thamani ya uwezo huo kwa mwalimu au mwanafunzi wa masafa. Angeweza kujaza kompyuta mjini na kusoma nyumbani. Ni mantiki ile ile ya kitabu cha kampeni: somo linalobaki baada ya sauti kupita.

Faida ya kielimu ilijitokeza wazi zaidi mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha, kupitia Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, kozi iliyohusu nadharia ya ujifunzaji kwa miunganisho. Wanafunzi wapatao 25 walilipa ada, na zaidi ya 2,200 walijiunga bila malipo. Kozi hiyo haikuwa na darasa moja. Washiriki waliandika katika blogu zao wenyewe, milisho ya blogu hizo ikakusanywa na programu, na kila siku likatoka jarida fupi lenye viungo vya yale yaliyoandikwa. Kutokana na kozi hiyo lilizuka jina la kozi huria za umati mtandaoni, ingawa kozi nyingi zilizolichukua jina hilo baadaye zilirudi kwenye mtindo wa mhadhara mmoja na wasikilizaji wengi. Kwa mwanahistoria wa Mtu ni Afya, jambo la kushangaza katika kozi ya Manitoba ni kukosekana kwa kiongozi wa kikundi. Washiriki wengi walilalamika kwamba walizidiwa na wingi wa maandishi wasijue pa kuanzia. Walikuwa na uteuzi wote ambao mkulima wa mwaka 1973 hakuwa nao, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia leo tusome ukurasa huu.

Nchini kwetu historia ya blogu ilianza katika miaka hiyo hiyo. Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha blogu ya Jikomboe mwaka 2004, nayo hutambuliwa kuwa ya mwanzo kabisa kwa Kiswahili. Aliwahimiza wengine wafungue zao na kuwasaidia, na mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi naye akaanza. Blogu za Kiswahili zilizofuata zilihusu siasa, picha za matukio, fasihi, na nafasi za masomo na ufadhili. Aina hiyo ya mwisho haipewi heshima na watafiti wa elimu, na nadhani si haki. Kwa kijana wa mkoani, tangazo la ufadhili lililofika kabla ya tarehe ya mwisho lilikuwa elimu yenye matokeo ya haraka kuliko mjadala wowote wa nadharia, na tangazo ndilo hasa aina ya maandishi ambayo kisoma-milisho kilitengenezwa kuyawahi.

6.0 Miaka minne

Kwa nini basi chombo hiki hakikuota mizizi kando ya Reli ya Kati? Jibu la kawaida ni umaskini, na si jibu la uongo, ila linaficha jambo linaloweza kupimwa kwa kalenda. Hadi katikati ya mwaka 2009 mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na dunia yalitegemea setilaiti, yakiwa ya gharama kubwa na ya kasi ndogo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam Julai 2009, na mwaka huo huo ukaanza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulionuiwa kuifikisha huduma hiyo mikoani. Tarehe 13 Machi 2013 Google ilitangaza kwamba ingekifunga Google Reader, na ikakifunga tarehe 1 Julai. Kati ya mkongo kufika pwani na chombo kufungwa ni miaka minne kasoro majuma machache. Katika muda huo mkongo ulipaswa kufika Tabora, kutoka Tabora kufika kwenye minara ya simu ya wilayani, umeme kufika kwenye nyumba na shule, na habari za chombo chenyewe kumfikia mtu wa kukitumia.

Inaweza kupingwa kwamba visoma-milisho vingine vilibaki na vipo hadi leo, na kwamba redio za mtandaoni zinazopakuliwa husafiri kwa milisho ya RSS. Ni kweli. Kilichofungwa, hata hivyo, kilikuwa zaidi ya programu moja. Wageni wa intaneti waliofika baada ya mwaka 2013, na huko vijijini hao ndio wengi, walifikia intaneti kupitia simu janja na kwa vifurushi vya mitandao ya kijamii. Walikaribishwa na Facebook na WhatsApp, wala hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha mlisho wa RSS. Katika Facebook lipo neno mlisho, lakini mpangilio wa kinachoonekana kwanza na kinachofichwa hufanywa na kampuni. Katika kundi la WhatsApp hufanywa na yeyote aliyetuma mwisho. Historia hapa imepiga hatua ya ajabu: mpokeaji wa Goweko ametoka katika uteuzi wa serikali na kuingia katika uteuzi wa kampuni, akiruka ile hatua ya katikati ambamo orodha ingekuwa yake.

Tena pale dharura ilipokuja, taifa lilirudi kwenye njia ya mwaka 1973. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, vipindi vya redio na televisheni vilitumika kufikisha masomo hadi shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni. Sauti ilirudi. Kikundi hakikurudi, kwa kuwa kukusanyika ndiko kulikokatazwa.

7.0 Lugha ya orodha

Kikwazo kingine ni kizito kuliko nyaya. Kampeni za redio ziliendeshwa kwa Kiswahili, na vitabu vyake viliandikwa ili visomwe na mtu aliyehitimu kisomo chenye manufaa. Blogu za elimu na ujifunzaji mtandaoni ambazo visoma-milisho vilizileta ziliandikwa kwa wingi mkubwa kwa Kiingereza. Mfumo wetu wa shule, unaofundisha msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, ulikwisha kuamua ni nani angeweza kunufaika na orodha hiyo huru. Uhuru wa kuchagua vyanzo mia katika lugha usiyoimudu ni uhuru wenye mashaka. Mtu anaweza kuwa na ufunguo wa ghala na bado akalala njaa.

Kwa sababu hiyo uamuzi wa Macha wa kuandika blogu kwa Kiswahili akiwa Marekani ni tukio la historia ya elimu na halipaswi kuachiwa historia ya uandishi wa habari peke yake. Ulijaribu kujaza ghala kwa chakula kinacholika. Watafiti wa elimu masafa wanaoandika kwa Kiswahili, nikiwemo, wanapaswa kujiuliza ni kiasi gani cha maandishi yao kimewahi kutolewa katika muundo ambao mwalimu wa Uyui angeweza kuufuatilia juma baada ya juma. Tasnifu ikishapitishwa huwekwa katika hazina ya chuo ikiwa faili moja zito lenye mamia ya kurasa. Hazina nyingi za vyuo zina uwezo wa kutoa mlisho wa kazi mpya. Sijaona chuo kinachomfundisha mwanafunzi kuutumia.

8.0 Kumbukumbu zilizobaki

Ugumu wa kuandika sura hii ya historia unatokana na jinsi vyombo vyenyewe vinavyohifadhi, au kutohifadhi, alama zao. Kampeni ya mwaka 1973 iliacha vitabu, miongozo ya viongozi, tathmini za Budd Hall na wenzake, na mafaili ya ofisi. Madarasa ya elimu ya watu wazima yaliacha madaftari ya mahudhurio. Blogu za Kiswahili za miaka ya 2004 hadi 2013 ziliacha viungo vingi visivyofunguka. Baadhi zilikufa kwa wenyewe kuchoka, kama yafavyo magazeti madogo popote duniani. Nyingine zilinyamaza baada ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, ambazo zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za kila mwaka. Juni 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwaamuru wasiosajiliwa wasimamishe uchapishaji. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, lakini mwalimu aliyekuwa akiandika bure kuhusu mitaala kwa ajili ya walimu wenzake hakuwa na sababu ya kungoja marekebisho. Maktaba ya kidijitali ya Internet Archive ina nakala za baadhi ya kurasa, zenye mapengo, na haituambii ni nani aliyezisoma.

Lipo hata hivyo faili moja ambalo watafiti wetu hawajalitafuta. Kila kisoma-milisho kiliweza kutoa orodha ya vyanzo vya mtumiaji wake katika muundo uitwao OPML, na kabla ya kufungwa Google Reader kiliwaruhusu watumiaji kupakua orodha zao. Orodha hiyo huonyesha blogu ambazo mtu alizifuata, na mara nyingi jinsi alivyozigawa katika mafungu: ualimu, ufadhili, siasa, dini, mpira. Ni ushahidi wa kipekee. Daftari la mahudhurio linatuambia nani alikaa kusikiliza kilichopangwa. Orodha ya OPML inatuambia mtu alipanga kusikiliza nini pale ambapo hakuna aliyempangia. Mhadhiri, mwalimu wa chuo cha ualimu au mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria mkoani Tabora aliyetumia chombo hiki hata kwa mwaka mmoja ni shahidi, na faili lake ni waraka.

Mafaili hayo ni madogo mno, kilobaiti chache kila moja, na ndiyo sababu hufutwa bila mtu kujali. Yaliyosalia yamo katika kompyuta kuukuu zilizoachwa makabatini, katika diski zilizopachikwa majina ya watoto, na katika barua pepe ambazo mtu alijitumia mwenyewe katikati ya mwaka 2013. Mradi wa kuyakusanya hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji kuanza kabla ya kompyuta hizo kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao siku hizi wanafika hadi Goweko.